Aorta imechanika, mbona amepooza mkono? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyaokota kwenye benchi la kliniki ya presha hapa Moshi, mlangoni mwa wodi saa za kutazama wagonjwa, na kwenye simu za ndugu wa Arusha ambao mgonjwa wao amelazwa huku. Mimi ni muuguzi. Kazi yangu ya kila siku ni kufunga mkanda wa presha kwenye mikono ya watu, na mengi ya hapa chini yanakizunguka kitendo hicho. Daktari aliye mbele ya mgonjwa wako anaona nisichokiona mimi, kwa hiyo neno lake ndilo la kufuata. Kama una mgonjwa sasa hivi, ruka moja kwa moja hadi swali la 6 na la 14.

## Mambo ya mwanzo

1. Aorta ni nini, na kuchanika kwake kukoje?

Kwanza tuelewane kuhusu neno mshipa, maana Kiswahili kimelibebesha mzigo mkubwa. Kuna mshipa wa damu, kuna mshipa wa fahamu, na kuna ule mshipa wa wanaume unaoteremkia korodani. Niliwahi kumwambia mzee mmoja kwamba mshipa mkubwa wa mwanawe umechanika. Akaitikia kwa utulivu kabisa, akauliza kama atashonwa na kurudi nyumbani kesho yake, kama yeye alivyoshonwa ngiri. Tangu siku hiyo nasema aorta, na neva kwa mishipa ya fahamu.

Aorta ndiyo njia kuu ya damu inayotoka moyoni. Unene wake unakaribia bomba la maji la inchi moja. Inapanda kuelekea shingoni, inajikunja kama mpini wa mkongojo, kisha inashuka ikiegemea uti wa mgongo hadi usawa wa kitovu, ambapo inagawanyika kwenda miguu miwili. Pale kwenye kikunjo ndipo yanapochipuka matawi ya mikono na ya kichwa. Njia nzima kutoka hapo kwenda chini hutoa vijitawi vinavyolisha uti wa mgongo, figo na matumbo.

Ukuta wake una matabaka matatu. Kuchanika tunakokuzungumzia huanzia tabaka la ndani. Damu, ambayo inasukumwa kwa nguvu kila moyo unapopiga, inaingia kwenye ufa huo na kubandua tabaka la ndani kutoka la nje. Aliyewahi kubandua maganda ya mgomba anajua: ukishapata pa kuanzia, ganda linateremka lenyewe. Sasa damu ina njia mbili, ya kweli na ya uongo, na ile ya uongo inaweza kuibana ya kweli au kuziba mdomo wa tawi lolote inalolikuta njiani.

2. Je, ni kitu kimoja na shambulio la moyo, au na aorta kuvimba?

Hapana. Shambulio la moyo ni kuziba kwa mshipa unaolisha nyama ya moyo wenyewe. Aorta kuvimba ni ukuta kutanuka polepole kwa miaka, mara nyingi bila mtu kujua. Aorta iliyovimba huchanika kirahisi zaidi, lakini wengi huchanika bila kuwahi kuambiwa kwamba imevimba. Na mchaniko unaweza kuziba mishipa ya moyo, ukaleta shambulio la moyo juu yake.

3. Daktari ameandika "aina A". Maana yake?

Aina A inagusa sehemu inayopanda kutoka moyoni. Aina B haigusi sehemu hiyo. Iko kwenye inayoshuka. Mgawanyo huu ulitoka Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwaka 1970, na unatumika hadi leo kwa sababu unaamua tiba: aina A ni ya kisu haraka, aina B isiyo na matatizo mara nyingi ni ya dawa. Aina A ikiachwa bila tiba, katika siku mbili za kwanza inaua takriban mgonjwa 1 hadi 2 kati ya 100 kila saa inayopita.

4. Dalili ya kawaida ni ipi?

Maumivu ya ghafla ya kifua, au ya mgongo katikati ya mabega, ambayo yanakuwa makali kabisa tangu dakika ya kwanza. Maumivu ya vidonda vya tumbo hupanda polepole. Haya hushuka kama shoka. Kisha yanaweza kuhama: yameanzia kifuani, saa mbili baadaye yako kiunoni. Wagonjwa wetu wengi huwa wameshapewa dawa ya vidonda vya tumbo au ya gesi kabla hawajatufikia, na siwalaumu wao.

## Inapogusa ubongo, uti wa mgongo na neva

5. Tatizo liko kifuani. Mkono unapoozaje?

Kwa njia nne, na mtu mmoja anaweza kupatwa na zaidi ya moja.

Ya kwanza ni matawi ya shingoni kuzibwa, ubongo ukakosa damu, na hapo unaona kiharusi kamili. Ya pili ni vijitawi vya uti wa mgongo kufungwa, miguu ikafa (swali la 8). Ya tatu, presha nzima inaporomoka kwa sababu damu imevuja kuzunguka moyo, mtu akazimia (swali la 11). Ya nne ni neva zenyewe kukosa damu au kubanwa na aorta iliyovimba (maswali ya 9 na 12).

Si jambo la nadra kama watu wanavyodhani. Tafiti zinatofautiana: baadhi zimekuta dalili za ubongo na neva kwa wagonjwa 17 kati ya 100, nyingine hadi 40.

6. Tutatofautishaje na kiharusi cha kawaida?

Hili ndilo swali ninaloulizwa zaidi na wauguzi wenzangu wa zahanati, na jibu langu ni moja: pima presha mikono yote miwili.

Nitaeleza nilivyojifunza. Usiku mmoja, kwenye kituo nilichokuwa nikifanya kazi zamani, aliletwa mzee kutoka Kibosho kwa Noah ya jirani. Upande wa kushoto ulikuwa umelegea, mdomo umepinda kidogo. Nikamsalimu, "Shikamoo mzee," akaitika marahaba kwa ulimi mzito. Mwenzangu alifunga mkanda mkono wa kulia kwa sababu wa kushoto ulikuwa unaning'inia tu. Mashine ikasoma 92 kwa 60. Tukaanza kutafuta dripu, mwingine akaenda kuchukua aspirini.

Mke wake alikuwa amesimama pembeni na khanga yake, akasema kama anayejisemea: "Tangu saa tatu alikuwa anajishika hapa." Akanigusa katikati ya mabega. Sijui ni nini kilinituma, lakini nilizunguka kitanda nikaufunga mkanda kwenye ule mkono uliopooza. 168 kwa 94. Nikadhani mashine imeharibika. Nikarudia. Nikashika mapigo ya vifundo viwili vya mikono kwa pamoja, na la kulia lilikuwa kama uzi.

Ukifikiri vizuri, ilikuwa wazi. Tawi la kwanza la kikunjo cha aorta hulisha mkono wa kulia na pia upande wa kulia wa kichwa. Likibanwa, mkono wa kulia unapoteza presha, na ubongo wa kulia unapoteza damu. Ubongo wa kulia ndio unaoendesha mwili wa kushoto. Kwa hiyo mkono usiopooza ndio wenye presha ndogo, na uliopooza ndio wenye presha ya kweli. Tawi hilo huguswa mara nyingi kuliko mengine, ndiyo maana kiharusi cha aorta kina tabia ya kuangukia kushoto.

Tofauti ya namba ya juu inayozidi 20 kati ya mkono na mkono, kwa mtu mwenye dalili za kiharusi, ni kengele. Nyingine ni hizi: maumivu ya kifua, mgongo au shingo yaliyotangulia hata kama yameshapoa, pigo la damu lisiloshikika kwenye kiungo kimoja, kuzimia mwanzoni, na presha ya chini kwa mtu wa kiharusi. Hii ya mwisho watu huipita. Kiharusi cha kawaida mara nyingi huja na presha iliyopanda; ukikuta 90, jiulize kwa nini. Lakini mikono ikilingana usiseme "basi siyo", maana wapo wengi ambao mikono yao hulingana.

7. Anaweza kupooza bila kusikia maumivu kabisa?

Anaweza. Katika daftari la kimataifa la wagonjwa wa aorta, takriban 6 kati ya 100 hawakuwa na maumivu, na hao ndio walioelekea zaidi kuja na kuzimia au kiharusi. Halafu kuna walioumia lakini hawawezi kusema: kiharusi kimechukua maneno, au mtu amechanganyikiwa, au haamki. Ndiyo maana ninamuuliza aliyekuwa naye nyumbani. "Kabla hajaanguka, alishika wapi? Alilalamika nini?" Mtoto wa miaka saba aliyekuwa sebuleni anaweza kukupa jibu ambalo mashine haitakupa.

8. Miguu yote miwili imekufa ghafla. Hiyo nayo ni aorta?

Inaweza kuwa. Uti wa mgongo hauna akiba kubwa ya damu. Sehemu yake ya chini hutegemea sana kijitawi kimoja kinachotoka kwenye aorta, kwa watu wengi upande wa kushoto, usawa wa mbavu za mwisho. Ganda likikifunga, mtu anahisi kitu kama kimekatika mgongoni, anataka kusimama, miguu haimo.

Kinachoshangaza ndugu ni namna hisia zinavyogawanyika. Unamchoma sindano mguuni, hasikii. Unamgusisha chupa ya maji baridi, hajui kama ni baridi. Lakini unamkunja kidole gumba cha mguu akiwa amefumba macho, anakwambia sawasawa umekikunja juu au chini. Si kwamba anajifanya. Njia za maumivu na baridi hupita upande wa mbele wa uti, na huo ndio uliokosa damu. Njia za mkao wa viungo hupita nyuma, ambako kuna mishipa mingine. Mara nyingi mkojo nao unagoma. Tumbo likijaa chini ya kitovu na hakojoi, sema mapema, awekewe mpira wa mkojo.

9. Mguu mmoja tu una ganzi na umekuwa wa baridi. Wanasema ni neva ya kiuno.

Neva ya kiuno haiufanyi mguu uwe wa baridi. Weka viganja vyako vyote viwili, kimoja kwenye kila mguu, kisha tafuta pigo juu ya wayo na kwenye kinena. Mguu wenye maumivu, wa baridi, uliopauka, usio na pigo, wenye ganzi, unakosa damu, na neva ndizo zinazolia kwanza. Misuli na neva huanza kufa baada ya saa chache. Madaktari wengi huhesabu 6. Msisubiri kesho, na msiuchue kwa mafuta ya moto, maana hausikii, mtauunguza.

10. Dalili zilikuja, zikaondoka, zikarudi. Si ameshapona?

Lile ganda la ndani lililobanduka linaning'inia ndani ya mkondo kama pazia mlangoni. Damu ikilisukuma huku, mlango wa tawi unafungwa na mkono unakufa. Likirudi, mlango unafunguka na mkono unaamka. Nimeona mtu akiomba aruhusiwe kwenda nyumbani kwa sababu "miguu imerudi". Miguu kurudi ni habari njema kwa neva, lakini pazia bado liko palepale.

11. Alizimia tu, akaamka mwenyewe. Hiyo ina uzito gani?

Kuzimia kwa sababu ya jua au njaa kuna dibaji: jasho, macho kuwa giza, kichefuchefu. Kuzimia kwa ghafla pamoja na maumivu ya kifua au mgongo kuna uzito mkubwa. Zaidi ya mgonjwa mmoja kati ya 10 wa aorta huzimia. Wengine ni kwa sababu ubongo umekosa damu kwa muda, wengine damu imevujia kwenye mfuko unaouzunguka moyo na moyo haupati nafasi ya kutanuka.

Mfalme George wa Pili wa Uingereza alianguka hivyo asubuhi ya Oktoba 25, 1760, akiwa ametoka msalani. Daktari Frank Nicholls alipoufungua mwili alikuta mfuko wa moyo umejaa damu na aorta ina ufa. Ni moja ya maelezo ya mapema kabisa ya ugonjwa huu.

12. Sauti imekwaruza, au kope moja limeanguka. Vinahusianaje?

Neva inayoendesha nyuzi za sauti upande wa kushoto inashuka hadi kifuani, inazunguka chini ya kikunjo cha aorta, ndipo inapanda tena kooni. Aorta ikitanuka, inaivuta, na mtu anabaki na sauti ya mkwaruzo bila mafua wala kikohozi. Kwa kawaida hili huja polepole kwenye aorta iliyovimba. Likija ghafla pamoja na maumivu, ni jambo la dharura.

Kope kuanguka, mboni ya jicho hilohilo kuwa ndogo kuliko ya pili, na upande huo wa uso kutotoa jasho: hizo ni neva zinazopanda shingoni zikikumbatia mshipa wa damu wa kichwa. Mchaniko ukipanda hadi kwenye mshipa huo, neva zinaumia. Ndugu husema "jicho limechoka".

13. Amepata kama kifafa, au amechanganyikiwa na kusahau kila kitu. Tumempeleka kuombewa.

Ubongo uliokosa damu ghafla unaweza kutikisa mwili kama kifafa, unaweza kuongea mambo yasiyo na mpangilio, na wapo wachache ambao kwa saa kadhaa huuliza swali lilelile mara ishirini: "Hapa ni wapi? Nani kanileta?" Ni rahisi kudhani ni majini au ni mawazo. Kuombewa si kosa. Mchungaji au sheikh anaweza kuja hospitali, na huwa wanakuja. Kosa ni kuanzia huko. Mtu mzima ambaye hajawahi kuwa na kifafa, akakipata siku aliyolalamika kifua, apimwe moyo na mishipa yake siku hiyohiyo.

## Hospitali

14. Tumpe aspirini tukiwa njiani?

Kama kuna dalili yoyote ya swali la 6, hapana. Aspirini inasaidia kiharusi cha kuganda kwa damu na shambulio la moyo, na ushauri huo umesambaa sana. Lakini kwenye aorta iliyochanika, dawa inayozuia damu kuganda inazidisha kuvuja. Dawa za kuyeyusha damu iliyoganda ni hatari zaidi, ndiyo maana daktari akisita kumpa mgonjwa wa kiharusi sindano hiyo kabla hajaangalia kifua, msidhani anawachelewesha.

Onyo la pili ni kwa sisi wauguzi. Ule mtindo wa kumwekea mtu nifedipini chini ya ulimi ili "presha ishuke haraka", au kukimbilia hidralazini peke yake, hufanya moyo ukimbie. Moyo ukikimbia, kila pigo linalibandua ganda zaidi. Huanzwa dawa ya kutuliza mwendo wa moyo, kisha ndipo ya kushusha presha.

Njiani: alale, asitembee, msimpakie mshikaki kwenye bodaboda. Asile wala kunywa, kwa sababu anaweza kuhitaji kupasuliwa. Beba dawa zake zote, pamoja na za kienyeji.

15. Vipimo gani vinaiona?

CT scan ya kifua na tumbo yenye dawa ya kuonyesha mishipa ndiyo inayojibu swali. CT ya kichwa peke yake itaonyesha kiharusi au haitaonyesha kitu, na zote mbili zinaweza kuwapotosha. Eksirei ya kifua inaweza kuonyesha kivuli cha katikati kimepanuka, lakini ikiwa safi haimwachii mtu huru. Vivyo hivyo ECG, kipimo cha umeme wa moyo. Eko ya moyo, yaani picha ya mawimbi ya sauti, ina faida kwa sababu hufanyika kitandani: inaweza kuona damu kuzunguka moyo, au mlango wa aorta unaovuja.

Kwa Moshi, hospitali ya rufaa ya kanda ni KCMC. Walioko Arusha mara nyingi huanzia Mount Meru au hospitali nyingine za mjini. Popote mnapoanzia, sema sentensi moja mapokezi: "Alianza na maumivu ya ghafla ya kifua, kisha akapooza." Ukisema "amepooza" tu, utaelekezwa njia ya kiharusi.

16. Tiba ni nini, na kwa nini wanataja Dar es Salaam?

Mwanzo ni kutuliza maumivu kwa dawa kali kama mofini, kushusha mwendo wa moyo chini ya mapigo 60 kwa dakika, na kushusha namba ya juu ya presha hadi kati ya 100 na 120, ikisomwa kwenye mkono wenye presha kubwa. Hapa pana mvutano: ubongo au uti wa mgongo uliokosa damu unataka presha, aorta inaikataa. Kwa hiyo daktari anaweza kubadilisha lengo mara mbili kwa usiku mmoja, na si kwamba anabahatisha.

Aina A huhitaji kufungua kifua, kukata sehemu iliyochanika na kuweka bomba la kitambaa maalumu, damu ikiendeshwa na mashine. Upasuaji wa moyo wa namna hiyo una makao yake makuu Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Barabara ni zaidi ya kilomita 500, na ndiyo maana mazungumzo ya familia huhamia haraka kwenye ndege, bima na nani atasindikiza. Mzee wa Kibosho hakufika. Tulikuwa bado tunahangaikia gari.

Kupooza peke yake si sababu ya kunyimwa upasuaji. Damu ikirudishwa mapema, ubongo unaweza kurudi pamoja nayo. Umri peke yake pia si kikwazo: Michael DeBakey, daktari wa Marekani na mmoja wa waasisi wa upasuaji wa aorta, aorta yake mwenyewe ilichanika mwishoni mwa 2005 akiwa na miaka 97. Alikataa kwanza kulazwa, akaja kupasuliwa Februari 2006, akaishi hadi Julai 2008.

17. Atatembea tena?

Inategemea muda ambao neva zilikaa bila damu. Dalili zilizodumu dakika au saa chache mara nyingi huisha. Uti wa mgongo ukikaa siku nzima bila damu, matumaini hupungua. Madaktari wakati mwingine hutoa maji kidogo ya uti wa mgongo ili damu ipite vizuri zaidi. Mazoezi ya viungo yaanze pale tu timu itakaporuhusu. Mjomba mwenye nia njema asije akamnyanyua kitandani siku ya pili.

## Nani yuko hatarini, na mambo ya pembeni

18. Mbona yeye hakuwa na ugonjwa wowote?

Mara nyingi alikuwa nao: presha. Takriban robo tatu ya wagonjwa wa aorta wana presha ya kupanda. Utafiti wa kiharusi uliofanyika Hai na Dar es Salaam kati ya 2003 na 2006 ulionyesha kwamba kiharusi si ugonjwa wa Wazungu wala wa matajiri, na presha isiyotibiwa ni mzizi wake mkubwa. Mzizi ndio huohuo kwa aorta. Mtu anameza amlodipini, dawa ya presha, wiki mbili, anajisikia vizuri, anaiacha hadi Krismasi ndugu wakija kihamba, shamba la ukoo.

Kundi la pili ni wenye urithi, yaani udhaifu wa aorta unaorithiwa kwenye ukoo. Ukiona kijana mrefu kupita ndugu zake, vidole virefu vyembamba, kifua kilichobonyea, macho yenye shida tangu utotoni, na kwenye ukoo kuna aliyeanguka akafa ghafla, mpelekeni akapimwe eko. Aorta ikishachanika kwa mmoja, wazazi, ndugu wa tumbo moja na watoto wake wapimwe.

19. Je, mjamzito?

Ni nadra, lakini miezi mitatu ya mwisho na wiki za kwanza baada ya kujifungua zina hatari zaidi, hasa kwa wenye urithi wa swali la 18. Degedege la mjamzito kwa kawaida linatokana na kifafa cha mimba, na kinatibiwa hivyo kwanza. Ila akiwa na maumivu ya kifua yaliyomchoma ghafla, au mkono mmoja hauna pigo, mkunga aseme.

20. Mimi ni mgumu, mbeba mizigo wa Mlima Kilimanjaro. Ganzi niliyoipata kambi ya Barafu ilikuwa nini?

Baridi, kamba za mzigo kubana mabega, na vidole kukosa glavu ndizo sababu za kawaida. Ugonjwa wa mwinuko unaogusa ubongo huleta kichwa kuuma, kuyumba kama mlevi wa mbege na kuchanganyikiwa, na kwa kawaida hauchagui upande mmoja wa mwili. Dawa yake ni kushuka. Mwenzako akipiga kelele ghafla akishika kifua au mgongo wakati wa kunyanyua mzigo, kisha mguu au upande mmoja ukafa, msimwache ashuke njia ya Mweka kwa miguu yake ati "atachangamka hewa ikiwa nzito". Machela.

21. Nilisikia sipro inachana aorta. Kweli?

Desemba 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kwamba jamii ya antibiotiki za siprofloksasini (sipro) inaweza, kwa nadra, kuongeza hatari ya aorta kuchanika au kupasuka, na kwamba wenye aorta iliyovimba, wazee, wenye presha na wenye ule urithi waiepuke kama kuna dawa nyingine. Kwetu inauzwa duka la dawa kwa kila "UTI", maambukizi ya mkojo. Dawa hizohizo zinaweza pia kuleta ganzi ya miguu kwa kuumiza neva, ganzi ambayo kwa kawaida iko miguu yote na haina baridi wala kukosa pigo. Kama una presha, mwambie muuzaji kabla hajafungua boksi.

22. Nilishatibiwa, naishi na aina B. Ganzi ikirudi nifanye nini?

Njia ya uongo hubaki wazi kwa wengi, kwa hiyo dalili mpya haitibiwi kama ya zamani. Rudi siku hiyohiyo. Nenda na sahani (CD) ya CT ya mwisho, siyo karatasi ya majibu tu, ili walinganishe. Nyuma ya kadi yako ya kliniki andika presha ya mkono wa kulia na wa kushoto ukiwa mzima, na umwonyeshe atakayekufunga mkanda, kabla hajaamua ni mkono gani.